Swali la Nne: Uchomee Wapi?

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wanafunzi wangu wa Rwamgasa wamepata kumi kwa kumi. Wote ishirini na sita! Bosi wangu Deusdedit kafurahi, anataka kuwapelekea wafadhili matokeo Jumamosi. Mimi sina raha. Hawa ni kina mama waosha dhahabu, wanasoma kwa simu za kuazimana. Swali la nne nililowatungia: dhahabu yenye zebaki, ukiichoma ili zebaki itoke, uchomee wapi — jikoni, au nje mbali na watu? Nani atakosa hilo? La kitoto kabisa.

Jumatano, 11 Juni
Nimebadilisha zoezi bila kumwambia Deusdedit. Hakuna kuchagua jibu. Mara ya mwisho ulichomea wapi? Nani alikuwa karibu? Tuma sauti.
Hadi usiku haijaja hata moja. Nashika simu, naiweka, naishika tena. Nimeunguza maharage.

Ijumaa, 13 Juni
Sauti kumi na moja. Zote — ndani! Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa khanga. Lusia, mmoja wao, kasema wazi: ukichomea nje, mtaa mzima unaona umepata kiasi gani, na hapo huna usalama tena. Moshi ni sumu, anajua, ndiyo maana alipata kumi.
Nimeona aibu. Miezi miwili nawauliza wanachokijua. Kinachowazuia sikuwahi kukiuliza.
Wa mwisho Mwanaima. Mimba ya miezi saba. Anachomea jikoni, na mwanawe mdogo yumo humo humo, kalala mkekani.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemweleza Deusdedit. Akasema matokeo ni mazuri, kwa nini niyaharibu? Nimemjibu vibaya. Sijutii.
Swali jipya: Unataka kuchoma, hutaki jirani aone, ndani kuna mtoto. Utafanyaje? Nimekaa nalo asubuhi nzima, sina jibu la kuweka chini yake. Chombo cha kunasa moshi kipo kimoja tu, kwa mwenye mwalo wanakooshea. Na huyo ndiye wa kwanza wasiyemtaka aone walichopata.
Nimelituma hivyo hivyo.
Saa tisa Mwanaima katuma sauti. Shikamoo madam. Swali hili ndilo lenyewe. Mkaa umeshakolea, mlango nimefunga, mtoto ninaye hapa — sasa madam, jibu lake ni lipi?
Nimempigia. Inaita tu. Nimepiga tena —