Maneno Ambayo Warusi Hawakuyasema

Alhamisi. Mvua ya asubuhi iliacha kabla ya saa tatu, jua likatoka, na sasa mtaa wetu wote wa Buyenzi unanuka mabati yaliyolowa na oili ya injini. Nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana naandika hapa hapa kaunta, kabla sijafunga duka.

Wenye kunijua wanajua: nauza piesi, yaani vipuri vya magari, kuanzia bujii za kuwashia moto injini hadi amortisa za kuzuia mtikiso, na nina ugonjwa wa roketi. Kila Warusi wanapopeleka watu angani, tunakusanyika chumba cha nyuma ya duka langu, watu sita au saba, tunaangalia kwenye televisheni niliyoiunganisha na simu. Matangazo ni Kirusi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nguzo yetu ni Mzee Leonidas wa mtaa wa Kigobe, mstaafu wa serikali, aliyepelekwa kusoma kule enzi za Wasovieti. Yeye husikiliza, hufumba macho kidogo, kisha hutuambia kwa Kiswahili wanachosema.

Nami huja kuyaandika humu, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Miaka miwili sasa.

Jumanne tuliangalia roketi ikitolewa bandani kwa treni, imelala chali, inakwenda polepole hadi uwanja wa kurushia, kisha ikasimamishwa wima. Mzee Leonidas akatuambia mtangazaji amesema: "Bibi harusi hapelekwi kwa mbio." Niliyaandika jioni hiyo hiyo. Msomaji mmoja wa Kigoma akaniandikia kwamba atayasema kwenye harusi ya dada yake.

Jana akaja dukani mteja mpya, Dokta Evelyne, anakaa mtaa wa Kibenga. Alikuja kutafuta amortisa, akaona picha ya roketi ukutani, akasahau amortisa. Kumbe amesoma udaktari Urusi miaka saba, amerudi mwezi uliopita tu. Nikamwalika kwa majivuno. Nikamwambia njoo kesho umsikie Mzee wetu, anakinywa Kirusi kama maji.

Nilijichimbia shimo mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Leo saa sita tulikuwa tumejaa. Dokta alikaa nyuma karibu na mlango. Televisheni ikarudia picha za saa chache nyuma: wanaanga watatu wakatoka na mavazi yao meupe, kila mmoja amebeba kisanduku chake cha hewa, wakapanda basi. Mzee Leonidas akafumba macho. "Anasema kamanda amemuachia mke wake ufunguo wa nyumba, akamwambia usifunge mlango, nitarudi." Sote tukasema "Aaaa!" Mimi nilikuwa nimeshika kalamu.

Nilipokwenda kumimina chai, Dokta akanifuata.

"Mama Salma, mi sijui niseme namna gani," akaninong'oneza. "Ile Muzee anasema, mule haimo."

"Haimo vipi?"

"Yule mutu wa Urusi anasema upepo. Upepo, na mafuta imejaa. Basi."

Chai ilimwagika kwenye sinia. Nikauliza na ile ya juzi, maana video yake alikuwa ameshaiangalia. Nayo haikuwemo. Bibi harusi hayumo. Nilihisi masikio yanawaka, kwa sababu aliyetangaza bibi harusi duniani si Mzee, ni mimi.

Nikaamua kunyamaza hadi roketi iondoke. Nakiri haukuwa wema. Niliona haya mbele ya Dokta, na roketi ilikuwa imebakiza nusu saa.

Lakini Sadiki, fundi wa garaji ya ng'ambo ya barabara, nilimsimulia jana habari za Dokta, na mdomo wake hauna breki. Akageuka na kusema kwa sauti, "Dokta, si nawe umesoma Urusi? Musaidie Muzee, anachoka!"

Mzee Leonidas hakuwa anajua kwamba Dokta amesoma Urusi. Niliona uso wake ukizima. Akamtazama Dokta, akanitazama mimi, akachukua kofia yake. "Bon, haya," akasema, "wenye lugha wamefika." Akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta amesimama kando ya rundo la matairi, kama mtu asiyekumbuka nyumbani ni upande gani.

Nilikuwa na hasira, na nilitaka aione. Lakini aliniwahi. Akaniambia alipelekwa kule kweli, ila baada ya miezi kumi na moja mapafu yaliugua kwa baridi akarudishwa. Kirusi kilichobaki kichwani ni mkate, baridi, asante, na "dawa mara tatu kwa siku".

"Basi kwa nini, Muzee?"

"Siku ile ya kwanza uliniuliza, anasema nini? Watu saba wakanigeukia, wananingoja." Aliikunja kofia yake. "Tangu nitoke ofisini, hakuna mutu alikuwa ameniuliza kitu."

Nikasema tu, "Nimeyaandika yote, Muzee. Watu wanayasoma."

"Najua. Hata mi ninayasoma."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka hadi nikashika tairi nisianguke, naye akaanza kutabasamu kwa woga. Nikamwambia zimebaki dakika kumi na mbili, turudi.

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Ingia."

Akasimama mbele ya televisheni akawaambia mwenyewe, kwa maneno machache, bila kujitetea. Kisha Sadiki akauliza, "Na ile ya zamani, ya mupishi wa roketi aliyelia?" Mzee akatikisa kichwa: apana, nayo haikuwako. Sadiki akacheka mpaka machozi, chumba kizima kikafuata. Mama mmoja tu, jirani yangu wa duka la matairi, alinuna. Alisema alikuwa amemuombea yule mpishi. Lakini ndiye aliyemsogezea Mzee kiti chake.

Dokta akahamia mbele. Ile mikono ya chuma inayoishika roketi ikafunguka kama ua, moto ukatoka chini, na kitu kizima kikanyanyuka.

Nimekwisha kuona hivyo mara nyingi. Hata leo nilijikuta nimesimama.

"Sekunde arobaini," Dokta akatafsiri. "Inaruka vizuri." Kisha, "Sekunde sitini. Inaruka vizuri." Nilidhani tutachoka na maneno makavu hivyo. Lakini tulijikuta tunayangoja. Kila aliposema "vizuri" mtu alishusha pumzi. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba wale watu kule hawana nafasi ya mapambo, wanahesabu kama sisi tulivyokuwa tunahesabu. Zile roketi nne za pembeni zikaachia. Ndani ya chombo, mwanasesere aliyefungwa kwa uzi akawa bado ananing'inia chini kwa uzito.

Karibu dakika ya tisa, injini zikazima na mwanasesere akaanza kuelea.

Kamanda akasema kitu. Dokta hakutafsiri. Tukamkodolea macho. Akamgeukia Mzee Leonidas kwa heshima, kama baba yake: "Hii wewe unaiweza, papa. Sikiliza neno la mwisho."

Kamanda alikuwa akiwashukuru watu wa chini. Mzee akasikiliza, safari hii macho wazi.

"Asante," akasema. "Amesema asante!"

Tulipiga makofi hadi wapita njia wakachungulia. Sijui tulimpigia nani, kamanda au Mzee.

Sasa hivi Dokta amenitumia ujumbe kwamba wale watatu wameshafika kwenye kituo chao huko angani na chombo kimeunganishwa nacho salama. Alhamdulillah. Tena amesahau amortisa zake.

Nimebaki na ukurasa huu. Nimehesabu, kuna maandiko kumi na moja yenye maneno ya Mzee. Mchana nilitaka kuyafuta yote. Nimeyasoma upya hapa kaunta, na kweli ni mazuri, hilo ndilo linaloniudhi. Wasomaji wangu, niwieni radhi. Niliwapa kitu bila kuuliza kimetoka wapi, na mimi muuza piesi, ninayeulizwa kila siku kama mali ni halisi, ndiye ningepaswa kujua kuuliza hilo.

Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nitaanza na la zamani kabisa. Sitafuta hata moja. Juu ya kila moja nitaandika kwa herufi nzito: Haya hayakusemwa na Mrusi yeyote. Yamesemwa Buyenzi, na Mzee Leonidas.