Maji ya Moto Penye Mgono wa Somoe

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimetegua mgono, mtego wangu wa samaki, kwenye kona ya mto, kama kila asubuhi tangu tumalize eda. Perege wachache, wadogo. Somoe, mke mwenzangu, ametoka kwenye bomba la kiwanda na ndoo imejaa kambare. Kiwanda cha ufuta kilikuwa kimekufa. Mwekezaji amekifufua, sasa kinavuta maji ya mto kupozea mashine, kinayarudisha ya moto. Baridi hii samaki wamejazana pale. Marehemu mume wetu ndiye aliyetugawia sehemu, akiwa kitandani. Mimi kona. Yeye bomba. Nina wivu.

Ijumaa, 9 Agosti
Sokoni muuza samaki amenipigia kelele: "Shikamoo Mama Hadija! Leo umetuletea samaki au wajukuu wao?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Njiani nililia. Marehemu alikuwa akinifunikia chai kwa kisosi nikichelewa shambani. Sijui kama na Somoe alimfunikia. Sitaki kujua.

Jumapili, 25 Agosti
Nimekwenda kwa shemeji. Nimesema mimi ndiye mkubwa, nichague mimi sehemu ya kutega. Somoe akaitwa.
"Sawa, dada. Chukua bomba."
Basi. Nilitaka agombe, nipate kuyatoa ya moyoni.

Jumamosi, 14 Septemba
Kambare, ndoo mbili. Wameisha wote kabla ya adhuhuri. Pale bombani perege hayupo hata mmoja. Ndio aliokuwa akiwapenda marehemu, wakaangwe mpaka mkia uvunjike.

Jumatano, 16 Oktoba
Mto umepungua. Maji ya bomba yanachoma vidole. Nimepata kambare watatu, wamekonda. Somoe ana perege wapana kama kiganja. Siku hizi anapita njia ya mbali ili nisione ndoo yake. Imeniuma kuliko kama angejigamba.

Jumanne, 5 Novemba
Samaki wamekufa. Wanaelea matumbo juu, kutoka bombani mpaka kwenye mawe. Mgono unanuka. Nimemwendea Somoe kwa hasira, nikamuuliza kama alijua.
"Marehemu alijua, dada. Alisema kule ni kubahatisha, kiangazi maji yatachemka. Akaniambia mimi bado nina nguvu, samaki wakikosekana nitalima. Kona nimwachie mkubwa wangu, haikauki."
"Mbona hukuniambia?"
"Ungenisikia?"
Nisingemsikia. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, hakuinua macho. Kisha akasema, "Nimekuonea wivu tangu siku ile aliyotugawia."
Wivu. Somoe. Kwangu mimi. Nilikaa mkekani kando yake.

Alhamisi, 7 Novemba
Tumekwenda konani pamoja. Migono miwili, mmoja kila upande. Tumepata perege wa kutosha mboga ya nyumba zote mbili. Nikamwambia achague yeye kwanza. Akachukua wadogo. Nikawarudisha, nikampa wale wakubwa, tukashika njia.