Maziwa Aliyokunywa Peke Yake

Mjukuu wangu Naserian,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma. Sisi hapa Endulen tupo. Mguu wa bibi yako umepungua uvimbe, na mama yako bado anauza shanga Karatu. Mvua ilitupita mwaka huu, lakini hayo nayaacha.

Umeniuliza kwa nini sikwenda kumzika waziri, wakati redioni walisema alikuwa mtu wa hapa.

Ni wa hapa, tena ni rika langu, tulitahiriwa pamoja. Unajua morani hanywi maziwa peke yake. Hata akiwa na njaa humtafuta mwenzake kwanza. Siku moja wakati wa ukame nilimkuta nyuma ya zizi la ndama, anamalizia kibuyu tulichomwekea mwenzetu mgonjwa. Akaniambia, "Usiseme. Wazee wanakaribia kuchagua kiongozi wa rika."

Nilimpenda, na alijua kuongea kuliko sisi wote. Nikanyamaza. Mgonjwa hakupona, na yeye wakamchagua.

Kutoka hapo akaenda bungeni, kisha akawa waziri. Alipotia saini karatasi ya kutuhamisha, watu walisema madaraka yamembadilisha. Mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu sikuona kilichobadilika.

Msibani, mtu wa rika ndiye huitwa amzungumzie marehemu. Wangenipa kipaza sauti, mjukuu wangu, na ninavyojijua, ningemsifu.

Babu yako