Mashavu ya Wanjiru na Maziwa ya Kopo

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nepi hazikauki, ukungu tangu Ijumaa. Leo nimefika kazini na moja begani, nikidhani ni skafu. Saa sita msichana wa nyumbani akamleta binti yangu Wanjiru anyonye nyuma ya ofisi, kama kawaida. Bwana Githinji, mkubwa wetu wa matangazo, akapita. Akayaangalia mashavu ya mtoto kama mtu anayenunua ng'ombe. Anataka picha yake kwenye bango la maziwa ya kopo. Maneno niandike mimi: "Nimelelewa na kopo." Nikamwambia hajawahi kuyaonja. Ati bango si kiapo cha korti. Nikikubali, kibarua kwisha, naajiriwa kabisa, na nyumba ya kampuni mtaa wa Ruring'u.

Nyumba isiyovuja. Mungu wangu.

Jumanne, 5 Machi
Sikulala. Bango litabandikwa kliniki. Mama mwenye mtoto mwembamba ataacha kunyonyesha kwa sababu ya mashavu niliyoyajaza mimi. Nimemwambia Bwana Githinji ni uwongo. Akawaza, akapata dawa: Wanjiru anywe kijiko kimoja mbele ya mpiga picha. Hapo itakuwa kweli. Nimekubali. Nimechoka, na kijiko ni kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Mume wangu alimwambia mama yake. Leo mama mkwe ametoka Kerugoya, moja kwa moja hadi ofisini. Mtoto amerithi jina lake, na kwa mila yetu mtoto ni yeye mwenyewe. Nilisahau kabisa. Akaketi, kikapu magotini.

"Mimi nilinyonya mpaka nikaota magego. Hawa wa kopo walinilea lini?"

Bwana Githinji akaeleza kwamba picha ni ya mtoto, si yake. Kosa kubwa. Amehubiriwa mpaka saa ya chai. Baadaye akaniuliza polepole kama mama anarudi kwake leo. Harudi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya picha. Mama mkwe mlangoni kama askari. Wanjiru akapewa kijiko. Akatulia, akafikiri, akatema yote kwenye tai ya Bwana Githinji. Kisha akaanza kunifungua vifungo mbele ya mpiga picha.

Bwana Githinji, akijipangusa: "Tutatumia ile ya kabla hajatema. Ameonja ama hajaonja?"

Ameonja, nikasema. Nikaenda kwenye taipureta, nikampigia maneno ya bango: Wanjiru alionja, akatema.

"Hayo ndiyo naweza kuandika, mzee. Ukitaka mengine, tafuta mtu mwingine na mtoto mwingine."

Niliogopa sana. Sikuyafuta.

Jumatatu, 11 Machi
Bango limetoka. Kopo peke yake, bila mtoto. Mimi bado kibarua. Bwana Githinji amenisalimia vizuri, ana tai mpya.

Mvua. Beseni liko mahali pake, katikati ya kitanda. Sisi tumelala pembeni. Wanjiru ananyonya, mashavu yanapanda na kushuka.