Mkalimani wa Mzee Malongo Huko Tibeti

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Lusahunga

Kesho naondoka. Mimi Clever, niliyeishia kidato cha pili, nakwenda Uchina kabla ya mtendaji wetu wa kata. Leo nimepita kijiwe cha bodaboda mara nyingi bila shughuli yoyote, basi tu wanione. Desderius akaniuliza naenda kama nani. Nikamwambia mkalimani. Akasema Kichina changu ni cha kushika kibendera. Wivu huo.

Kweli nilishika kibendera kwa Wachina wa barabara. Malori yote ya Rusumo yalikuwa yananisikiliza mimi, simama, pita. Nihao naijua, ya kusalimia. Kwaikwai, yaani haraka. Meiyo, yaani hakuna. Mengine yatakuja yenyewe nikifika.

Mwenye safari ni Mzee Malongo, Msukuma wa Nyarubungo. Alinunua mashine ya kupukuchua mahindi pale Biharamulo mjini, kampuni ikachezesha bahati nasibu, jina lake likatoka. Ziara ya watu wawili, Uchina mpaka Tibeti, na mwongozaji juu yao. Wa pili alikuwa awe mke wake, mama Kwandu. Alishashona mpaka gauni. Lakini mzee akawa anauliza kila anayempita, nani atamsikilizia Kichina huko? Na mimi nilikuwa karibu. Nikasema nakijua kama Kizinza changu. Hiyo ni tangu mwezi wa tano, haifutiki tena.

Jioni nimekwenda kwa mama Kwandu kuaga. Shikamoo mama. Marahaba. Akanipa koti lake la mtumba, zito, lina kola ya manyoya. Wasukuma ni watani wetu sisi Wazinza, kwa hiyo hakunipa hivi hivi. "Chukua, Mzinza akifa baridi nani atatuchekesha?" Halafu akaacha kucheka, akasema mzee hamezi vidonge vya presha mpaka akumbushwe. Nimkumbushe. Nikasema sawa.

Nimelijaribu koti hapa nyumbani. Linanitosha. Sijui kwa nini nililivua haraka.

Jumatano, 10 Septemba. Xi'an

Askari wa udongo! Wamejaa shimo linalozidi uwanja wa mpira, kila mmoja na sura yake. Mwongozaji anashika kibendera cha njano — kazi yangu ile ile, ila yeye ana suti. Anasema Kichina, kisha Kiingereza cha mbio. Kikundi chetu ni watu wa nchi mbalimbali, wengi wastaafu wenye kofia pana. Mimi nashika neno hapa, neno pale.

"Anasemaje, mtani?" Mzee haachi hata kidogo.

Nikamwambia mfalme aliwapenda mno askari wake, akawachoma kwenye tanuru la matofali ili wasizeeke. Mzee akawatazama sana. Akasema farasi wana shingo nzuri, ila mfalme asiyechonga hata ng'ombe mmoja hakuwa na watu wa kumshauri.

Jioni akapiga simu nyumbani. Akalieleza lile tanuru langu lote kama lilivyo, na akaongezea moshi. Kule simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, nikasikia watu wengi wanaitikia. Nyarubungo nzima inajifunza kwangu. Nikajiona mwalimu. Pia nikajiona mwizi, lakini kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba. Chengdu

Leo tumepewa mwongozaji wa Tibeti. Anaitwa Pema, Mtibeti mwenyewe, dada mpole. Shida yake ni moja, anaongea Kiingereza taratibu.

Alituweka kikao. Huko tunakokwenda ni juu sana, hewa ni nyembamba. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha aseme sasa hivi. Atabaki hapa Chengdu na mwenzake, watatembezwa kuona panda, hakuna aibu.

Presha ni presha, hata kwa Kiingereza. Nilielewa.

"Anasemaje, mtani?"

"Anasema tuvae nguo nzito."

Mzee akamwonyesha Pema dole gumba. Pema akafurahi.

Sasa mimi nikabaki hapa kuangalia panda? Mnyama mnene analala, anakula, analala tena. Huyo tunaye nyumbani, anaitwa mjomba Anatoli. Na Desderius nimeshamwambia nitapiga picha kwenye paa la dunia. Nitamwambia nini, kwamba nimepiga na panda?

Vidonge nimemkumbusha asubuhi na jioni. Akasema mke wake amemtuma askari, siyo mkalimani. Mtu akimeza dawa presha inashuka, si ndiyo? Ndiyo kazi yake. Basi.

Jumapili, 14 Septemba. Lhasa

Tumeruka juu ya milima yenye barafu. Kushuka tu uwanjani kichwa changu kikaanza kupiga ngoma. Mzee yeye anacheka tu.

Mjini kuna hekalu, watu wanalizunguka wote upande mmoja, wanasali, wengine wanalala kifudifudi chini na kuinuka. Mabibi wanabeba samli kwenda kumimina kwenye taa. Mzee akanusa hewa akasimama. "Hawa ni watu wa ng'ombe, mtani. Hawa ni wetu." Akamfuata mzee mmoja wa Kitibeti mwenye kofia ya ngozi, akamsalimia Kisukuma, "Mwadila." Yule akajibu kwa lugha yake. Wakashikana mikono. Mzee akatoa simu akamwonyesha picha za ng'ombe wake, yule naye akatoa yake akaonyesha yaki, ng'ombe wa kwao wa manyoya mpaka chini. Wakaongea muda mrefu. Mimi nilisimama pembeni na Kichina changu mfukoni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Hotelini Pema akasema leo tusioge, tusikimbie, tulale mapema. Hiyo nikaitafsiri sawasawa. Mzee akanitazama. "Mtu aingie mji mtakatifu na jasho la safari? Huo utani wako kaufanye kwenu." Akaoga maji ya moto muda mrefu, akiimba. Ni kosa lake hilo. Mimi nilisema.

Halafu kuna la ziwa. Pema alituonyesha picha, maji ya bluu katikati ya milima, tutakwenda Jumatano. Alisema ni ziwa takatifu, hayo mengine yalinipita. Mzee akauliza. Nami sikutaka kuonekana mjinga baada ya yule Mtibeti wa kofia. Nikasema, ukinyunyiza maji yake zizini, ng'ombe hawafi tena.

Hakucheka. Kiangazi cha mwaka jana kilimmalizia ng'ombe, fisi walishiba mpaka wakawa wanachagua. Aliketi kitandani, akavuta simu. Kisha akampigia mama Kwandu. Nikasikia vigelegele. Majirani wameshaanza kuomba wagawiwe.

Nilitaka kusema. Ningeanzia wapi sasa, vigelegele vikiwa hewani?

Jumatatu, 15 Septemba

Jumba la Potala. Ngazi mpaka mbinguni. Pema anasema polepole, polepole. Mzee akaanza kubaki nyuma. Nikamgeukia. "Msukuma anashindwa na ngazi? Kwaikwai, mzee!" Watu wakacheka, naye akacheka, akaongeza mwendo. Mtani akikuchokoza huwezi kulegea.

Akakaa chini. Midomo kama mtu aliyekula zambarau.

Sijapiga picha.

Jumanne, 16 Septemba

Alilala hospitali na barakoa ya oksijeni. Leo mchana wamemrudisha hotelini na mtungi kando ya kitanda, na muuguzi wa kumwangalia. Daktari alikuja na Pema. Akauliza, ana presha? Nikasema ndiyo. Tangu lini? Tangu zamani.

Pema akanitazama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliuliza kule Chengdu. Nikasema nakumbuka. Akageuka kumtafsiria daktari. Afadhali angenizaba kofi.

Daktari anasema kesho mchana ashushwe kwa ndege. Ziwani ni juu kuliko hapa, na njia yake inapita juu zaidi. Mapafu yameanza kuingia maji. Akienda huko anaweza asirudi. Nikamweleza mzee neno kwa neno, sikuongeza hata nukta.

Mzee akacheka mpaka barakoa ikafunga ukungu.

"Mzinza wewe. Unataka ukachote peke yako, uje kuniuzia."

"Mzee, siyo utani."

"Mtani gani anasema ni utani?"

Nikamwambia yale maji niliyatunga mimi. Hakuna aliyesema yanaponya ng'ombe. Akauliza, "Na askari wa tanuru?" Nikasema hao pia. "Na Kichina?" Nikasema sina, nina maneno ya barabarani tu, hata ya kuagizia chai sina. Akashika ubavu. Alicheka, akakohoa, akacheka. "Mama Kwandu lazima asikie hii. Umempanda Msukuma kama punda mpaka Tibeti!" Akakohoa tena, povu la rangi ya waridi likabaki kwenye barakoa. Muuguzi akaingia mbio akanitoa nje.

Yaani kusema kweli ndiko kunakomchekesha. Na kucheka kunammaliza. Nikikaa kimya anakwenda ziwani, nikisema anakohoa. Nani alituwekea utani huu? Kwetu kwenye msiba mtani anaweza kulala kwenye kaburi, na hakuna wa kumkasirikia. Nilikuwa naona ni raha.

Nilirudi kukaa naye jioni. Akaninyooshea mkono. Akasema nisiwe na wasiwasi, ng'ombe wa kwanza atakayezaliwa baada ya maji hayo ni wangu, kwa sababu ni mimi niliyemletea habari zake.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi. Amelala vizuri na oksijeni, sasa anajiona mzima. Nimemkuta amevaa, kofia kichwani, ameivua barakoa mwenyewe. Kwenye mfuko ana chupa tupu za maji alizookota kwa wenzetu. Basi liko chini, kikundi kimeshapanda.

Pema amekuja. Hawezi kumfunga kamba mtu mzima, amesema. "Wewe ndiye mdomo wake. Mwambie." Nikamwambia mzee. Nikapiga magoti nikamwambia. Nikalia, mimi Clever.

"Ee," akasema, "leo umetia na machozi. Umekua, mtani."

Akaanza kufunga viatu, anapumzika kila baada ya kamba.

Nikachukua simu yake. Nyumbani ni saa tisa usiku. Iliita, ikaita. Saa hiyo hakuna anayepokea simu kwa utani. Mama Kwandu akapokea, hakuna habari za huko, hakuna nini.

"Amekufa?"

Nikasema bado. Hilo "bado" lilinitoka vibaya. Nikamweleza yote mfululizo, presha ya Chengdu, maji ya ziwa, ngazi, povu. Nilisubiri acheke. Nilitaka acheke.

Akauliza kitu kimoja. "Ulijua ana presha ukanyamaza?"

"Nilijua, mama."

Nikasikia kitanda kinalia, ameketi.

"Mpe simu."

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni mlangoni, mgongo kwenye fremu moja, miguu kwenye nyingine. Akitaka kupita itabidi aniruke. Dereva anapiga honi. Pema amekwenda dirishani, anampungia mkono asubiri. Mzee amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, mfuko wa chupa mkononi. Mwanzoni alikuwa anatabasamu, akajibu Kisukuma, nikasikia jina langu na kicheko. Kisha akaacha kujibu. Ni mama Kwandu tu anayeongea, hata huku nilipo naisikia sauti, haipandi, haishuki.

Mzee amegeuka. Ananitazama. Hacheki.