Moto wa Kuomba kwa Jirani

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu, na najua ningethubutu ungenisuta mbele za watu.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ule wetu wa Heru Juu unaoshuka ukameza migomba yote na kuacha majani ya juu tu yakielea. Nilisimama mlangoni nimejifunga kitenge chako cha bluu. Nikaona kitu chekundu kinatembea kule chini, kidogo, kinafifia, kinawaka tena. Nikasema moyoni, Mama huyo, anarudi na moto. Nilisahau kabisa kwamba umekufa. Kumbe ni taa ya nyuma ya bodaboda inayoteremka kwenda Kasulu. Ila kwa kitambo kile kifupi nilifurahi, Mama, furaha ambayo sijaionja tangu tukuzike.

Unakumbuka? Nilikuwa nikiamka nakuta kitanda chako kitupu, natoka nje na miguu yangu mitupu kwenye umande, nakungoja. Hata sura yako sikuiona mwanzo. Ilianza cheche, halafu pumzi yako ikiipuliza, halafu ndipo ukatokea wewe, na kigae mkononi chenye kaa moja kutoka kwa jirani yetu Mama Skola. Kwa macho ya mtoto, ulikuwa unautoa moto ndani ya mawingu. Mpaka leo nikisikia neno asubuhi, picha inayonijia ni hiyo.

Na ulikuwa mjanja wewe! Nilikuwa nimeshakua, nimeanza kujua kupekua, nilipokuta kibiriti kwenye pindo la kitenge chako. Kizima, njiti zimejaa. Tena jioni nikakuona kwa macho yangu unamwagia maji makaa mazuri ambayo yangelala salama chini ya majivu. Nikakuuliza kwa nini unajitesa kwenda kuomba kitu unacho. Ukanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeuliza bei ya nyasi. Ukasema, "Kibiriti hakina habari."

Ndivyo ilivyokuwa. Ulirudi na moto na habari: fulani ameshikwa na homa, mbuzi wa fulani amezaa mapacha, binti wa fulani amechumbiwa huko Kumsenga na hajui kama acheke au alie. Yote hayo kwa muda wa kaa moja, maana ukikawia linazimika mkononi. Huku kwetu mgeni asiyekaa huulizwa kama amekuja kuomba moto, na watu husema hivyo kwa kulaumu. Kwako ilikuwa sifa. Hukuwahi kumchosha mtu. Ulikwenda kila mara, na kila mara uliondoka wakiwa bado wanakutaka.

Sasa nikupe habari za huku. Matanga yalipokwisha, ndugu walitawanyika, na ule moto wa uani waliouota wanaume ukazolewa majivu yake. Festo, kitinda mimba wako, alirudi Dar. Kabla ya kupanda basi alinishika mkono akasema, "Dada, ukimaliza kupanga vitu vya Mama tufunge hii nyumba, uje. Maisha mazuri yako kule." Hakusema kwa ubaya. Ananipenda, Mama. Ana chumba cha ziada, maji yanatoka ukutani, na anasema fundi cherehani kama mimi hawezi kulala njaa mjini. Alipanga aje mwisho wa mwezi achukue funguo.

Nami nilikuwa karibu kukubali. Cherehani yangu niliihamisha kutoka Kibondo ulipoanza kuugua, na ungali umelala pale unanisikiliza nikishona, nyumba hii ilikuwa nyumba. Ulipoondoka ikawa kuta. Nilipika ndani kwa ule mtungi wa gesi aliokuletea Festo, ambao wewe uliuvika kitambaa cha kufuma ukauwekea redio juu yake. Nilichemsha chai, nikanywa peke yangu, nikashona, nikalala. Mafiga yako yakapoa mpaka kuku akaanza kutagia katikati yake. Kila asubuhi nilikuwa nikiona moshi wa Mama Skola unapenya kwenye nyasi za jiko lake, naona mlango wake, na sikwenda. Ningesema nimefuata nini? Mtu mzima mwenye gesi, aende kuomba moto? Naye hakuja. Nikajiambia, urafiki ulikuwa wa Mama, nao umezikwa naye.

Basi leo, ile bodaboda ilipopotea kwenye ukungu, nikasikia, "Hodi hapa." Mama Skola. Amejitanda kanga, kigae kitupu mkononi.

"Mwakeye, Yusta we," akanisalimu kwa lugha yetu. "Nipe moto."

Kwenye fundo la kanga yake kona ya kibiriti ilikuwa imechungulia, wala hakujisumbua kuificha. Nikamwambia karibu, moto upo, nikampeleka ndani kwenye gesi. Nikawasha. Akainama, akautazama ule mwali wa bluu, akautazama upande huu na upande ule, kigae chake bado amekishika.

"Ego," akaitikia. "Huu moto mzuri. Sasa naubebaje?"

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikamwona na yeye mabega yanatikisika. Kisha hatukuwa tunacheka tena. Tulikwenda jikoni kwako, tukamhamisha kuku kwa kelele zake, yeye akavunja vijiti, mimi nikapuliza. Kuni zilikuwa na unyevu. Moshi ulijaa, machozi yalitutoka sote, na kwa adabu kila mmoja akalaumu moshi. Ukungu ukawa unaingia kwa mlango na moshi unatoka kwa huo huo mlango, vikapishana, na pale katikati nusura nikuone umeketi kwenye kigoda chako, umekunja miguu, unatusikiliza kwa kichwa kilichoinama.

Kaa lilipokolea alilichukua kwa vidole, unajua vidole vyake, akaliweka kigaeni. Mlangoni akageuka.

"Mama yako akizima wake, mimi nilikuwa nawasha. Kesho yake nazima wangu, anawasha yeye. Zamu kwa zamu, tangu tumeolewa hapa. Sasa tangu aende, moto wangu unawaka tu kila siku. Nimechoka nao."

Akaondoka haraka, maana moto haungoji.

Kumbe! Na wewe miaka yote hiyo hukuniambia kwamba mlikuwa wawili katika ujanja huo. Zile asubuhi ambazo moto wetu ulikuwa unawaka na Mama Skola akaja na kigae, nilidhani ni mzembe asiyejua kufukia makaa! Nilishamsema moyoni mara ngapi.

Nimempigia Festo. Nimemwambia funguo abaki nazo dada yake, na yeye aje kula maharage mapya yakikomaa. Akasema, "Dada, unakaa huko kwa ajili ya moto wa kuni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema atanipigia siku yoyote nikihitaji kitu, nami namwamini, lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku niliyokuuliza mbona hutaki kuhamia kwa Festo, ulinijibu kwamba maisha mazuri ni kuwa na pa kupiga hodi. Nilidhani unakwepa swali.

Nakulilia bado, usidhani nimepona. Kuna nguo yako nimeikata nusu nikashindwa kuendelea, ipo hapo juu ya cherehani. Lakini leo nimekula ugali wa muhogo wenye harufu ya moshi, na nimeumaliza.

Pumzika, Mama. Sitakuahidi kwamba moto wako hautazimika. Nakuahidi kwamba nitauzima. Jua linakaribia kuzama, nimekwisha mwaga maji, makaa yamelia kidogo yakanyamaza. Kigae chako nimekifuta, kipo karibu na mlango. Kesho ni zamu yangu.

Mwanao,
Yusta