Makofi ya Jongoo

Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Pa!

Makofi ya kilo, yale ya kumpongeza mtu kwa mpigo mmoja, kutoka Kidato cha Nne B. Mpaka sasa nayasikia.

Leo Jumanne, Nachingwea imeamka na mvua. Nilikuwa Nne A, naandika ubaoni sifa za wanyama wasio na uti wa mgongo, kwa mwandiko wangu mzuri. Hakuna aliyenitazama. Darasa zima lilikuwa limegeukia ukuta.

Nyuma ya ukuta huo alikuwa Tausi, mwalimu mwenzangu wa baiolojia, na beseni la jongoo na konokono aliowaokota chini ya mikorosho.

"Madam, na sisi tutashika lini?" Halima aliniuliza.

Nilimwambia aandike.

Mmoja wetu, mimi au Tausi, atakwenda Ruangwa kufundisha somo la mfano mbele ya walimu wa shule nyingine. Mkuu wa shule alisema tuelewane wenyewe, nimpelekee jina leo. Safari hiyo nimeitamani tangu niajiriwe.

Kipindi changu kilipokwisha nikapita Nne B, Tausi akiwa bado anafundisha. Ubaoni, Tausi alikuwa amemweka jongoo kundi moja na nyungunyungu, eti wote wana pingili. Amesahau miguu yenye viungo na gamba gumu la nje, vinavyomweka jongoo pamoja na buibui, kaa na panzi.

Nilifurahi.

Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Nikamwita pembeni, nikamwambia, nikisubiri uso wake ubadilike.

"Mungu wangu! Shoga umeniokoa, ningeumbuka Ruangwa!"

Ruangwa, kama vile ameshafika. Akarudi darasani anacheka. "Jamani, jongoo kanitia aibu. Mtazameni miguu, mniambie nimekosea wapi."

Wakaona wenyewe. Wakampigia kilo nyingine.

Hata kukosea kwake kunapigiwa makofi! Mimi sijawahi kukosea ubaoni, wala sijawahi kupigiwa hata kofi moja.

Mchana nilikaa muda mrefu bila kula. Kisha nikaenda kwa mkuu, nikampa jina la Tausi. Si kwa moyo mweupe. Nimeomba niende naye, nimbebee beseni, kwa sababu nataka kumtazama kwa karibu mpaka nijue anafanyaje.

Jongoo mmoja nimeshamchukua. Ninavyoandika hapa anapanda mkono wangu wa kushoto, miguu yake inasisimua, na sijamwangusha.